Bwana Mbaruku na Hodi

Hapo kale si mbali sana, Bwana Mbaruku mwenye nyumba alikuwa akiingia vyumbani mwa wapangaji wake bila hodi. Siku alipomkuta mpangaji mmoja, Bi Zuwena, akiwa na kanga moja tu, mama huyo hakugombana.

"Baba, hivi unavyotutendea, nawe ungependa kutendewa?"

"Hasa! Mtu wa dini humtendea mwenzake anachokipenda mwenyewe. Mimi sina la kuficha."

"Haya, tumekuelewa."

Ijumaa asubuhi, Bwana Mbaruku alikuwa bafuni kwake, povu mwili mzima, mlango ukasukumwa. Wakaingia wanawake saba wapangaji, Bi Zuwena mbele.

"Nyie! Hodi iko wapi?" alifoka, akijiziba kwa kopo.

"Kwani unaipenda, baba?"

"Naipenda! Wallahi naipenda!"

Tangu siku hiyo akaanza kupiga hodi akiwa bado barabarani.