Sufana na Chungu cha Jirani Mnasara

Wametupokeza waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Shamu palikuwa na mwanamke mchamungu akiitwa Sufana bint Harith. Kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyewafuturisha masikini wa mtaa wake kila Ramadhani. Akipita njiani watu humwombea dua, naye, Mungu amrehemu, alishazoea kuombewa.

Mtaa ule waliishi Waislamu na Manasara, ukuta kwa ukuta, na miaka ya nyuma waliwahi kutupiana mawe. Ndipo Sheikh Wahb, imamu wa msikiti, na kasisi wa Manasara wakaafikiana jambo. Mwezi wa Ramadhani Manasara watawapikia futari majirani zao waliofunga, na siku ya sikukuu ya Manasara Waislamu watawalindia nyumba wakiwa kanisani. Mkeka mmoja ukatandikwa uani kwa Sheikh, wale pamoja. Kwa upande wa Manasara kazi ya kupika akapewa mjane aitwaye Hilana, aliyepakana na Sufana.

Siku ya kwanza vyungu viwili vya dengu vikawekwa mkekani. Cha Hilana kikaisha. Cha Sufana kikabaki nusu.

Mnacheka? Ngojeni kwanza. Siku ya pili ikawa vilevile, na siku ya tatu Sufana akamsikia kikongwe mmoja akimwombea Hilana dua ileile aliyozoea kumwombea yeye. Roho ikamuuma. Ulikuwa wivu, tena wivu mkali, ila yeye hakuuita hivyo. Alijiambia, "Mimi naionea uchungu dini yangu. Thawabu za kufuturisha huyu anazitakia nini?" Akaketi kuleta uradi, na katikati ya uradi akajikuta anahesabu mabakuli ya Hilana.

Siku ya nne jirani mmoja akamsifia Hilana mbele yake. Sufana akajibu kwa upole, "Dengu zake ni tamu kweli. Sijui tu hutia mafuta ya mnyama gani."

Hakuongeza neno. Na alijua vizuri sana, maana mafuta yale yalikuwa samli waliyonunua wote wawili kwa muuzaji mmoja, siku moja, wamesimama bega kwa bega.

Neno likatembea. Kesho yake hakuna aliyegusa chungu cha Hilana, na cha Sufana kikakombwa hadi ukoko. Alifurahi? Alifurahi, tusimfichie. Lakini Manasara nao wakaudhika. Wakasema hawawezi kulindiwa nyumba na watu wanaowaona najisi, na kasisi akamtumia Sheikh salamu kwamba mkeka ukunjwe.

Siku ya nane, baada ya alasiri, Hilana akabisha hodi kwa Sufana, macho mekundu.

"Dada yangu," akasema, "siku tatu nzima namwaga chakula. Wanasema natia nguruwe. Aliyeyazua simjui, wala sitaki kumjua. Lakini wewe watu wanakuamini. Njoo upike nami leo, waone mkono wako umo chunguni, watakula. Tusipofanya hivyo mkeka unakunjwa kesho."

Sasa tazameni mtihani ulivyo. Angekwenda kupika, mkeka ungesalimika, yeye angeitwa mpatanishi, na siri angekufa nayo. Wallahi alishachukua ushungi wake, akafika mlangoni. Hapo akasimama.

"Mkono wangu hautakufaa," akasema. "Neno lile ni langu."

"Lako wewe?"

"Langu. Nilikuonea wivu."

Hilana hakumwambia amemsamehe. Alimwambia tu, "Basi kawaambie na wao," akaenda zake.

Kabla ya magharibi Sufana akasimama uani, mbele ya Sheikh na kasisi na watu wote. Akasema, "Majirani zangu, samli ya Hilana ni ileile ninayotia mimi. Nilijua hivyo siku niliyomsingizia. Nilisema kwa kuwa mliacha changu mkala chake."

Yule kikongwe akageuza uso. Adhana ilipolia, Sufana akaenda kwenye chungu cha Hilana, akajitekea, akafungua saumu yake kwa dengu zile huku watu wanamtazama.

Hilana alikuwa amesimama kando, mikono kifuani. Akauliza, "Zikoje?"

"Zinashinda zangu," Sufana akasema. "Tangu siku ya kwanza zilishinda zangu."

Sheikh akasogeza bakuli lake kwenye chungu kile, na kasisi akakaa karibu naye. Hilana naye akaketi, si karibu sana na Sufana, lakini mkeka ni uleule. Haukukunjwa kesho yake, wala mwaka uliofuata.

Inasemekana Sufana aliendelea kupika mpaka Idi, na mwezi ule hakuna mtu aliyemsifia. Wenye elimu wakasema, huenda hiyo ndiyo futari yake ya kwanza aliyompikia Mwenyezi Mungu peke yake. Nasi tujikague, ndugu zangu, hizi ibada zetu tunampikia nani.