Mlezi Asiye na Meno

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kulima mashamba, liliitishwa baraza. Waliohudhuria ni hawa: Jumbe Kifaru, mwenye ghala la kijiji; Bwana Fisi Madoa, si yule Fisi Milia wa ng'ambo ya mto; Bi Kobe, mlezi wa watoto; na Nguchiro, mjane mwenye watoto wanne, mdogo kuliko wote barazani.

Jumbe akakohoa, khoh! "Mzazi anayekwenda shamba, ghala litamlipia nusu ya ujira wa mlezi. Lakini mlezi huyo awe na nyumba yenye mlango, na meno ya kuwalinda watoto."

"Vyote ninavyo!" Fisi akacheka, kwe-kwe-kwe, ili meno yaonekane yote.

"Na mimi?" akauliza Bi Kobe.

"Hebu fungua kinywa, bibi," akasema Jumbe.

Akafungua. Ufizi mtupu! Na nyumba yake, lile gamba, haina mlango.

"Hufai. Anayekuletea mtoto ajilipie mwenyewe."

Nguchiro akapiga hesabu. Kumlipa Bi Kobe bila msaada hakuweza. Asipolima, watoto watalala njaa. Na kwa Fisi? Akayatazama tena yale meno.

"Bwana Fisi," akasema kwa upole, "kesho nitakuletea watoto."

"Walete, dada yangu! Wanene?"

"Wanene, tena wengi."

Asubuhi akafika na kapu lililofungwa kanga. "Shii! Wamelala. Usiwafunue mpaka nirudi."

Alipotoka akamwita Jumbe nyuma ya nyumba, wakachungulia kwenye ufa wa ukuta.

Fisi akatia komeo mlangoni, ka! Akameza mate, gudu! "Mmoja tu. Nani atajua?" Akafungua kanga, akatumbukiza kichwa kizima.

Vuuuu! Nyigu!

"Mamaaa! Pua yangu! Ulimi wangu! Fungueni mlango!"

"Umeufunga wewe mwenyewe," Jumbe akamjibu. Kisha akageuka. "Nguchiro, umemdanganya mwenzako!"

"Hata kidogo, Jumbe. Nilisema nitaleta watoto. Hao ni watoto wa Bi Nyigu, na mama yao amewasindikiza. Sasa muulize mlezi wako, kinywa chake kilikuwa kinatafuta nini kapuni?"

Jumbe akakuna pembe yake. "Bi Kobe apewe msaada wa ghala," akasema mwishowe. "Na mlango tumjengee."

Basi wanangu, mlezi hupimwa kwa moyo wake, si kwa meno wala mlango.

Fisi Madoa alifariki Alhamisi, kwa uvimbe wa koo.