Mashine Iliyoingia Pipani

Wewe unayejipepea na karatasi ya matangazo ya ibada, nikuulize: mara ya mwisho kuinua mkono kukubali jambo ambalo moyo wako ulikuwa unalikataa ilikuwa lini? Usimwangalie jirani. Nimekuuliza wewe.

Palikuwa na mama mmoja, mke wa nahodha, katika kijiji cha wavuvi huku huku pwani. Kikundi chao kilikuwa na boti moja ya faiba yenye mashine kubwa. Lakini ukitaka kurambaza, yaani kuburuta mishipi nyuma ya boti polepole ili nguru aifuate, mashine kubwa haikufai. Inakimbia mno, na petroli inaibugia kama wageni wa harusi wanavyobugia soda. Unahitaji ndogo, ya kukaa pembeni. Tena siku kubwa ikizimika, hiyo ndogo ndiyo ya kukurudisha kwa watoto wako.

Mfadhili akasema atawapa moja, kamati ichague. Na kamati ilikaa saa nne asubuhi, saa ambayo kila anayevua yuko baharini. Planning hiyo, ndugu zangu! Watu wa kuchagua mashine wote wako pale, isipokuwa wa kwenda nayo baharini.

Huyu mama ndiye aliyekuwa katibu. Alfajiri ile mumewe alimwambia akivaa koti la mvua, "Mama watoto, usisahau. Tezi ya boti yetu, kule nyuma inakofungwa mashine, iko juu. Tunataka yenye mguu mrefu, propela ishike maji. Rangi wachague wao."

"Nitasema."

"Useme kweli. Usinione hivi, mimi bahari naiogopa kuliko wewe." Akacheka, akaenda.

Mashine zilizoletwa zilikuwa mbili, ya mguu mrefu na ya mguu mfupi. Desturi ya pale, mashine hujaribiwa ndani ya pipa la maji mbele ya ofisi. Sasa pipa lenyewe lilikuwa limekatwa juu, likabaki fupi. Ile ndefu ikagonga chini, haikukaa.

"Hii ni twiga!" mwenyekiti akasema, watu wakacheka. "Hata pipani haiingii, itaingia baharini?"

Ile fupi ikaingia kama imepimwa na fundi cherehani. Kamba ikavutwa. Ikalia, maji yakaruka mpaka kwenye suti ya mgeni rasmi, aliyetumwa na mfadhili.

"Wow! Now that's power!" mgeni akasema. Makofi!

Mama akasimama. "Mwenyekiti, baba watoto alisema kwamba..."

"Katibu, baba watoto ni mjumbe wa kamati?"

"La."

"Basi tusimchoshe mgeni. Wanaoafiki?"

Mikono ikainuka. Na wake pia. Kisha akakaa, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: wote waliafiki.

Nahodha alipoiona ile mashine hakugombana. Aliutazama ule mguu, akamtazama mkewe. "Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Haya. Bahari ikilala, itafaa."

Na bahari ililala wiki nyingi. Nguru wakaja, kamati ikapiga picha na boti, mgeni akatumiwa hizo picha.

Halafu, mchana kweupe, mawimbi yakiwa yameinuka, mashine kubwa ikazimika nje kidogo ya miamba. Watu ufukweni walimwona nahodha akiishusha ile ndogo, mwenzake akichota maji kwa ndoo. Ikawaka mara ya kwanza. Lakini kila wimbi lilipoinua tezi, propela ilitoka majini ikasaga hewa, boti haisogei, na mkondo unaivuta kwenye mwamba. Mama alikuwa amesimama mchangani. Aliusikia mlio. Ulikuwa ule ule. Ule walioupigia makofi pale pipani.

Mwenzake aliokotwa ameshikilia dumu. Nahodha aliletwa siku ya tatu, maiti.

Matangani mwenyekiti akainama mbele ya mjane. "Pole, mama. Bahari haina adabu. Ni mapenzi ya Mungu."

"Bahari haikupiga kura, mwenyekiti," mama akamjibu. "Wala Mungu hayumo kwenye kumbukumbu za kikao. Niliziandika mimi. Jina lako limo. Na langu limo."

Sasa tunamlaani mwenyekiti, na anastahili. Lakini nani humu ndani si katibu? Zahanati yetu ililetewa friji ya chanjo kabla ya stima kufika, tukaimba. Vijana wetu wamesomeshwa hadi digrii, wakalia vizuri sana pipani, majoho, picha, makofi. Kisha wakashushwa majini, na propela iko hewani. Tukasema hawajitumi! Honestly, sisi hatuna haya. Tulijua, na mikono yetu ilikuwa juu.

Na ninyi mliokaa viti vya mbele, wenye mihuri, msijifanye mnatafuta ukurasa. Hamisheni vikao vyenu viwe saa ambayo anayepanda boti yuko nchi kavu. Mpeni yeye neno la kwanza, na msimuulize ni mjumbe wa nini. Na kabla ya kutia saini, shukeni ufukweni na watoto wenu, mpande boti yenye mashine mliyoichagua, mtoke nayo nje ya miamba siku ya mawimbi.

Mkirudi, tutapiga makofi.