Kibao cha Seremala

Aliye na shida akaifunika gubigubi hapati wa kumsaidia. Hiyo ndiyo maana ya mficha uchi hazai. Seremala mmoja aliijua maana hiyo mlangoni pa hospitali.

Ilikuwa saa tano na nusu, jua kali kama pasi ya mkaa, naye amevaa koti zito, vifungo vyote vinne vimefungwa. Mlinzi, mama wa makamo aliyeitwa Shangazi na kila mtu, alimwona tangu mbali. Wiki iliyopita mtu alipenya na kisu akamjeruhi muuguzi, kwa hiyo sasa Shangazi alipekua hata mabeseni ya wazazi. Mgeni huyu aliubana mkono wa kulia kiunoni, akavuta mguu, na kila hatua tatu alipapasa kitu chini ya koti. Chombo cha kupimia chuma kilipomfikia kikalia.

"Ni nini hicho, baba?"

Akasema ni funguo. Akazitoa, kikalia tena. Akasema ni simu, na simu alikuwa nayo mkewe, pale pale pembeni. Shangazi akashusha pumzi. Alimwomba kwa upole afungue koti, kisha akamwomba bila upole. Mgeni akazidi kulibana koti lake. Mmoja kwenye foleni akasema huyo ana bastola. Watu wakarudi nyuma wakikanyagana. Shangazi akainua simu kuwaita polisi.

Mkewe seremala akatazama saa ya ukutani. Daktari wa upasuaji alikuja mara moja kwa mwezi, na saa sita aliondoka. Mumewe alikuwa akitapika tangu alfajiri.

"Mume wangu, chagua," akasema. "Ufe na heshima yako, au ufungue vifungo."

Akavifungua kimoja kimoja. Chini ya koti palikuwa na kibao cha mninga, kimepigwa randa kikang'aa, pembe zimeviringwa, kimekazwa kinenani kwa mkanda wa ngozi na bawaba mbili. Alikitengeneza mwenyewe miaka mitatu nyuma ili ngiri isishuke. Akanong'ona kwamba jambo hilo halisemeki mbele ya mwanamke.

"Nimezaa wanaume wanne na nimewaogesha wote," Shangazi akamjibu. "Kazi yako nzuri, baba, sikatai. Lakini bawaba ni za mlango, si za tumbo."

Akamshika mkono, akampitisha mbele ya foleni nzima. Daktari alikwisha kufunga mkoba. Alipomgusa mara moja tu, akarudi kunawa mikono. Utumbo ulikuwa umenasa, na bila kupasuliwa saa ile jioni isingemkuta hai.

Mke akabaki kwenye benchi, kibao mapajani. Alikipapasa kilivyolainika, akasonya. Miaka mitatu ya randa na msasa, kwa ugonjwa uliohitaji neno moja tu mbele ya daktari. Kweli, mficha uchi hazai.