Mdomo wa Mrushaji

Chawa hatoki mbali. Anayekuuma yumo ndani ya shati ulilolivaa, ndiyo maana wahenga wakanena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii ni tamu mno mdomoni mwa mwenye hasira, kwa kuwa humpa nafasi ya kumnyooshea mwenziwe kidole bila kumtaja jina. Lakini kabla hujalikung'uta shati la mwenzio, hebu likung'ute lako kwanza. Peguy alijifunza hayo Jumamosi moja ya mwaka 2012, katika uwanja wa Chatsworth, hadharani.

Peguy alikuwa fundi wa simu mjini Durban, na pia mrushaji wa timu ya Volcano, Wakongo waliofundishwa kanisani mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mkononi. Wao walicheza ule usio wa kuangushana: kila mchezaji hufunga utepe kiunoni, na mpinzani akiuchomoa, mbio zako zimekwisha. Kazi ya mrushaji ni kuwasoma walinzi, kisha kuchagua nani wa kumrushia. Kwa kusoma, Peguy alikuwa bingwa. Mlinzi akisimama kwa vidole, alijua anakuja mbele. Akiegemea visigino, alijua anarudi nyuma. Akishaona hayo hubadilisha mpango palepale kwa kupaza sauti kwa Kiswahili, "Jacques, pembeni!" au "Urbain, katikati!", huku akicheka moyoni. Nani kati ya wapinzani wa Durban hii angemwelewa?

Siku hiyo ilikuwa fainali. Volcano walikuwa nyuma kwa pointi nne, na bao moja lina pointi sita. Walibakiwa na majaribio manne, hatua tano tu kutoka mstari wa goli, na muda nao unayoyoma. Karibu na goli ndipo penye kazi. Uwanja huwa mfupi, walinzi wamebanana kama nguo katika sanduku la msafiri, na mwanya hufunguka kwa kupepesa jicho tu.

Katika jaribio la kwanza, Peguy alimwona mlinzi wa pembeni kaegemea visigino. "Jacques, pembeni!" Jacques, mrefu kuliko wote, akaruka. Lo! Yaaseen, nahodha wa wapinzani wao wa Chatsworth, alikuwa keshafika, akaupiga mpira chini. Jaribio la pili, "Urbain, katikati!" Yaaseen huyo katikati, kama aliyealikwa.

Damu ikamchemka Peguy. Akamkumbuka shemeji yake Glody, mchezaji mwenzao na kaka wa mkewe Tina, aliyekuwa akilala sebuleni kwao tangu afike kutoka Goma. Alhamisi alimwona Glody akishuka kwenye gari la Yaaseen, wote wawili wanacheka. Sasa akaona amelielewa jambo lote.

"Iko mtu anatuuza," alisema mbele ya wachezaji wote, akimkazia Glody macho. "Kikulacho ki nguoni mwako. Shemeji, toka inje!"

"Mimi? Yaaseen tunatumika naye kazi katika kiwanda kimoja kule Jacobs. Ananipa lifti tu!"

"Toka! Na kwangu usirudi. Tina nitamwambia mwenyewe."

Glody akafungua utepe wake, akauweka chini taratibu, akatoka. Mchezaji wa akiba akaingia mahali pake. Kando ya uwanja, bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kukunja akamsogezea Glody kikombe cha chai kutoka kwenye chupa yake. Glody alikishika tu bila kunywa. Moyo wa Peguy ulimchoma kidogo, ila hasira ilikuwa bado juu.

Jaribio la tatu, Peguy alibuni mpango mpya kabisa, hakumwambia mtu hata mmoja mpaka dakika ya mwisho. "Urbain, zunguka nyuma ya Jacques!" Na bado Yaaseen akawahi, mpira ukaanguka. Peguy akaduwaa. Mpango uliozaliwa sasa hivi, Glody angeuuza saa ngapi?

Yule bibi akacheka kwa sauti. Alikuwa Khadeeja, bibi yake Yaaseen.

"Mwanangu wewe, kijana wa watu wamfukuza bure! Sisi hapa Chatsworth twaitwa Wazanzibari tangu enzi za babu zetu. Huyu Yaaseen nimemlea kwa Kiswahili. Tangu asubuhi wamtangazia mipango yako, sasa ulitaka azibe masikio?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yaaseen akainua mikono. "Eish, ndugu yangu, mimi sikuiba kitu. Wewe mwenyewe ulikuwa unaniambia."

Peguy aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Kombe lilimtoka akilini. Alichokiona ni Tina, na sebule bila Glody. Akaenda hadi kando ya uwanja, akainama.

"Njoo ucheze, shemeji," akanong'ona.

Glody hakuinuka. "Kunifukuza ulinifukuza kwa sauti. Kunirudisha ndiyo unanong'ona?"

Peguy akasimama wima. Akazigeukia timu zote mbili, akapaza sauti: "Glody hakutuuza! Aliyetuuza ni huu mdomo wangu! Shemeji, unisamehe. Nyumbani ni kwako."

"Hapo umenena," alisema Bibi Khadeeja. "Haya, baba, inuka. Chai nitakuwekea."

Glody akaufunga tena utepe wake, akaingia. Jaribio la mwisho, Peguy alinyamaza kimya. Jacques akakimbilia pembeni, akaondoka na mlinzi wake. Urbain akakata katikati, akamvuta mwingine. Yaaseen alibaki amesimama, shingo kaiinamisha, anaingoja sauti ambayo haikuja. Peguy akamtazama Glody, Glody akamtazama yeye. Kisha Glody akapita nyuma ya mgongo wa Yaaseen, na mpira ukamfikia kifuani. Akaukumbatia kwa mikono yote miwili, akiwa amekwisha kuvuka mstari wa goli: bao, na kombe ni la Volcano.

Baada ya shangwe walikizunguka kiti cha Bibi Khadeeja. Glody akamimina chai, kikombe cha kwanza akampa Peguy.

"Kunywa, shemeji. Ukinywa huwezi kusema."

Peguy akacheka huku machozi yakimlengalenga, akanywa. Chawa aliyemsaka kwenye shati la Glody alikuwa ametulia kwenye lake yeye. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.