Siku Mpimaji Alipopimwa

Mganga hajigangi, walisema wahenga, na maana yake si ngumu: anayewatibu wenzake huhitaji mkono wa mwingine siku yake inapofika. Xavier aliijua methali hiyo tangu shuleni. Aliwahi hata kumcheka nayo seremala wa mtaa wao wa Saio, fundi wa vitanda aliyekuwa akilala mkekani. Hakudhani kwamba ingekuja kumkaba yeye.

Xavier alikuwa muuguzi mstaafu wa mjini Bunia, mwenye umri wa miaka sitini na minne. Kwa miaka tisa alipanda pikipiki kila Jumatatu kwenda mji mdogo wa milimani, ambako watafiti walimtuma kufuatilia afya ya wazee. Mji ule ulikuwa ukipungua kama sabuni majini. Vijana walikwenda machimboni kutafuta dhahabu, wengine Mahagi kufanya biashara ya mpakani, wengine walikimbia vita wasirudi tena. Wazee ndio waliobaki, na utafiti ulitaka kujua kwa nini baadhi yao huzeeka na nguvu zao huku wengine wakidhoofika mapema. Xavier aliwapima presha, akawatembeza hatua kumi huku ameshika saa, akawauliza wamekula nini. Kila mwaka aliwafundisha pia dalili za kiharusi: mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama. Ukiziona, nenda hospitali, usingoje kesho. Wazee walizikariri kama sala.

Yeye mwenyewe hakuwahi kujipima hata mara moja. Kichwa kilichomuuma kila asubuhi alikisingizia vumbi la barabara.

Jumatatu moja alifika kwa Domitille, mjane wa miaka sabini na minane, mwenye ng'ombe watatu na ulimi usiolala. Mwaka huo Xavier alikuwa amepewa mashine mpya ya presha. Domitille aliitazama, akaurudisha mkono wake ndani ya kitenge.

"Kwetu, mwenye kuleta kinywaji anaonjaka kwanza," alisema. "Hii mashini ni mupya. Onja weye mbele."

Xavier alicheka. Desturi ilikuwa desturi: hakuna aliyempa mgeni pombe bila kunywa kwanza mbele yake, ili mgeni ajue haina sumu. Basi akajifunga mkanda mkononi, akabonyeza. Mashine ikavuma, ikakaza, ikatulia. Ikaandika mia mbili kumi na nne kwa mia moja ishirini na mbili.

Alipigwa na butwaa. Namba ya namna hiyo, angeiona kwa mzee yeyote, angemkimbiza hospitali saa ileile. Alimweleza Domitille kwamba mashine imeharibika. Bibi yule hakubishana, alinyoosha mkono wake apimwe. Mia moja ishirini na nane kwa sabini na sita, karibu sawa na namba yake ya mwaka uliopita daftarini. Xavier akajipima tena. Safari hii ilikuwa mia mbili kumi na tisa.

"Mashini iko muzima, muganga," Domitille alisema. "Ni weye uko mugonjwa."

Neno hilo lilimchoma. Alimwomba asimame, atembee zile hatua kumi, kwa sababu zilibaki nyumba mbili kabla ya mvua. Akainua saa. Kidole gumba kikakataa kubonyeza. Alikitazama kama kidole cha mtu mwingine, na saa ikamponyoka. Alitaka kusema hajambo, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa uji mtupu.

Domitille alimsogelea, akamtazama usoni.

"Mudomo imepinda," alisema polepole. "Mukono imelegea. Maneno imekwama. Hospitali, tusingoje kesho."

Xavier aliyasikia maneno yake mwenyewe, na hofu ikamshika ambayo hakuwahi kuijua. Miaka tisa aliwafundisha wengine mauti inavyobisha hodi, na ilipobisha kwake alikuwa akipima hatua za mwingine.

Domitille alimwita Gustave, mwendesha pikipiki wa jirani. Wakamketisha Xavier katikati, na bibi akapanda nyuma, akamfunga kwa kitenge chake kama mtoto mgongoni. Hivyo ndivyo walivyoteremka hadi Bunia, watu watatu juu ya pikipiki moja, ng'ombe wakibaki nyumbani bila kukamuliwa.

Hospitalini, Daktari Aimé alisema wamewahi. Mkono ungerudi taratibu, na ulimi pia. Wangechelewa hadi jioni, asingeahidi kitu. Kisha akauliza mgonjwa alipimwa presha lini mara ya mwisho. Xavier alifumba macho. Presha za Domitille za miaka tisa alizijua kwa moyo. Yake hakuwa nayo hata moja ya kutaja.

Domitille akamjibu daktari kwa niaba yake. "Miaka tisa alikuwa anatupima siye. Yeye, ni leo mara ya kwanza, na ni miye nilimulazimisha." Akamgeukia daktari. "Na weye, Docteur? Yako ni ngapi?"

Daktari Aimé aliacha kuandika. Chumba kizima kilimtazama, muuguzi wa zamu akiwa bado ameshika mkanda wa presha. Hatimaye daktari aliweka kalamu chini, akakunja mkono wa koti lake jeupe, akaunyoosha kwa muuguzi apimwe. Hakika, mganga hajigangi.