Nani Ashike Upawa wa Mtama wa Kwanza?

Nimemwona mtu hapa akisukuma pembeni sahani ya ugali wa mtama. Simtaji. Nitawasimulia tu jinsi mtama wa kupandwa ulivyoingia chunguni mara ya kwanza, na ugomvi ulioletwa nao. Mimi ugomvi huo umenishinda kuuamua mpaka leo. Labda nyinyi mna akili kunizidi. Haya, tegeni masikio.

Zamani hizo hakuna aliyekuwa na shamba wala jembe. Palikuwa na watu thelathini waliozunguka nyikani wakifuata wanyama, asali, mizizi na punje za porini. Sheria zao zilikuwa mbili tu. Ya kwanza: pakikauka, wote wanaondoka, na asiyeweza kutembea anaachiwa moto na kibuyu cha maji. Ya pili: mnyama akiuawa, mwenye mshale uliompata kwanza ndiye mgawaji. Atakavyogawa ndivyo hivyo, hakuna kunung'unika. Na wanung'unike kwa nini? Nyama huoza. Keshokutwa ni mshale mwingine na mgawaji mwingine.

Kundini humo walikuwamo watatu wa kuwajua. Limi alikuwa na macho, hakupita penye kitu asikione. Holo alikuwa na mkono mgumu, kitu kikiingia mkononi mwake, kutoka ni kazi. Watu walimsema sana, naye akiwajibu, "Semeni, kesho mtakuja kuniomba." Na kweli walikwenda! Wa tatu, Masele, alikuwa na subira ya kukera. Mwindaji bure kabisa, lakini ukimwambia kaa hapa, hata baada ya siku tatu utamkuta hapo hapo.

Mwaka huo Bibi Nkwimba, mkunga wa kundi zima, akavimba goti. Hatua tatu, anakaa. Kijito kikaanza kukauka, watu wakaanza kufunga mizigo, na kila mmoja alijua kibuyu cha maji kinatayarishwa kwa ajili ya nani.

Siku hiyo hiyo Limi akaona kitu. Mtama wa porini umesimama umebeba masuke, lakini umeota pale tu walipopepetea punje mwaka uliopita. Kando, hakuna hata mmoja. Wengine walipita wakaona majani. Limi akarudi kambini mbio. "Punje tulizomwaga zimerudi! Tuzimwage kwa makusudi, tungoje hapa. Bibi haachwi!"

Wakamcheka mpaka wakashika mbavu. "Sasa chakula kitatufuata, kina miguu?"

Limi akakasirika. "Mvua ikipita na mtama usiote, mimi niacheni na Bibi. Kibuyu kimoja kitatutosha." Kicheko kikakatika. Watu wakakubali kungoja, shingo upande, wakichimba maji mchangani.

Wakavuna masuke yale, zikapatikana mbegu kibuyu kimoja. Kibuyu akapewa Holo akishike mpaka mvua. Kiangazi kikauma, jamani. Wanyama wakahama, mizizi ikaisha. Wanaume wakaja kwa Holo wakibembeleza, wakaja tena wakifoka, naye amekilalia kibuyu. Kisha binti yake mwenyewe, Sayi, akakonda hadi akaacha kulia. Mumewe akapiga magoti. "Mama Sayi, kiganja kimoja tu. Mtoto anakwisha." Holo alilia, alilia sana, akamchemshia mtoto magome machungu ya mti, na kibuyu hakukifungua. Sayi alipona. Lakini Holo hakujua kama atapona, na mimi nikifika hapa moyo hunidunda.

Mvua ikaja, mbegu zikafukiwa, mtama ukatoa masuke. Loo, nao ndege kwelea wakapata habari! Wakaja makundi kwa makundi, na nguruwe wakachungulia. Vijana wakalinda siku mbili wakachoka, wakaenda kuwinda. Masele akabaki na kombeo lake na koo lake. Siku arobaini, tangu alfajiri hadi giza, anarusha mawe na kupiga kelele. Alibaki hata siku aliposikia wenzake wamepata nyati. Mtama ukakomaa, lakini sauti ya Masele ilikauka na haikurudi. Hadi kufa kwake alikuwa mtu wa kunong'ona.

Basi, mtama ukavunwa, chungu cha kwanza kikainjikwa. Punje zilizobaki zilikuwa lundo la kumfikia mtu kiunoni. Sasa mgawaji nani? Wakaichukua ile sheria ya nyama, wakaileta kwenye mtama.

"Mshale wa kwanza ni jicho langu," akasema Limi. "Nisingeona, mngelinda nini? Upawa nipeni mimi. Kila mtu achukue fungu lake, ale au apande, abaki au ashike njia yake." Watu wakamtazama Bibi Nkwimba na goti lake. Wote wakishika njia, nani atabaki naye?

Holo akasema, "Kuona kila mtu ana macho. Mimi nilimtia mwanangu rehani. Lundo lote likae kwangu, nitatoa kiganja kwa kiganja, na hafi mtu." Wakaamini kwamba hafi mtu. Lakini wakajiona pia, watu wazima na ndevu zao, wamepanga foleni kumkingia Holo mikono.

Masele akanong'ona, ikabidi wainamie. "Bila mimi mngekula mabua. Leo tuonje tu, punje nyingine zote zirudi ardhini. Mwakani zitakuwa mara kumi." Kina mama wakawavuta watoto wao karibu. Kiangazi kingine kama kile?

Wakamgeukia Bibi Nkwimba aseme. Akafoka, "Mnanitazama nini? Wote watatu nimewapokea kwa mikono hii, na wote watatu wameniokoa. Nikimtaja mmoja nitakuwa najichagulia uhai wangu tu. Hiyo si haki, na siitaki!"

Haya. Chungu kinatokota, watu thelathini wana njaa, na upawa ni mmoja. Asiniambie mtu waushike wote watatu. Mshale wa kwanza ni mmoja siku zote. Wala msichague mbio mbio kama watu waliozoea nyama. Mgawaji wa nyama alikuwa mkubwa siku mbili, kisha nyama ikanuka, ukubwa ukaisha. Mtama haunuki. Utakayempa upawa leo, mwakani bado anao, na pengine mwanawe baada yake.

Sema basi wewe: upawa unampa nani? Na ukishampa, utamwambia nini Bibi Nkwimba?